Kila Fundi Huua Moja Tu

Ukilala nyuma ya gereji Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa miaka mingi, unajifunza kulisikia lori kabla hujafumbua macho. Sisemi mngurumo wa injini. Huo hata mtoto anausikia. Mimi nasikiliza upepo. Lori zima likiegeshwa injini ikiwaka, linapumua: kompresa inajaza matangi, geji ya upepo inapanda hadi baa 8 au 10 (baa ni kipimo cha msukumo wa upepo) kutegemea gari, vali inaachia hewa iliyozidi, psss, kisha kimya. Lori bovu halipumui, linatweta. Kompresa haipati kupumzika, na chini ya trela kuna kitu kinafanya fyuuu bila kukoma, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nikiisikia ile fyuuu naanza kutafuta viatu gizani, maana najua baada ya muda kidogo mtu atagonga mabati. "Fundi! Fundi, uko?"

Niko. Sina pengine pa kuwa.

Mimi ni fundi wa magari makubwa, upande wa Uganda, kwenye barabara inayokwenda Tororo. Yanayopita hapa yametoka Mombasa na mengi yanakwenda mbali: Kampala, Kigali, Goma, mengine yanakata Mbale na Soroti kuelekea Gulu, yavuke Elegu hadi Juba. Lori likifika kwangu limeshakula zaidi ya kilomita 900 za Kenya, na limeshapanda na kushuka milima yote ile ya Mau na Salgaa. Kwa hiyo napokea gari lililochoka, dereva aliyechoka zaidi, na simu ya mwenye gari ambayo haichoki kamwe.

Uwanja wetu unaongea Kiswahili. Nyumbani kwangu ni Kiteso, mke wangu ni Japadhola, watoto wanachanganya wanavyotaka, lakini chini ya trela hakuna lugha nyingine. Msomali wa Garissa, Mnyarwanda, Mkikuyu wa Nakuru, Muganda wa Masaka, wote wanaeleza ugonjwa wa gari kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wengi wa rika la baba yangu wakabaki wakikisikia kama lugha ya bunduki na vizuizi vya barabarani. Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Tulicheka sana siku hiyo hapa gereji. Mmoja wetu alisema sasa serikali imetufikia.

Lakini nilitaka kuandika kuhusu breki.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na vidole vinane na nusu. Nilifika kwake nikiwa spana boi, yaani mtu wa kuosha vyuma kwa dizeli, kushika tochi na kukimbizwa dukani, na kwa miezi ya kwanza hakuniambia lolote la maana. Siku moja aliniita chini ya trela, akaniwekea mkono wake mbele ya uso, ule wenye pengo, halafu akagonga busta, lile kopo la chuma linalosukuma breki, kwa spana. "Hii ndiyo iliyokula," alisema. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Nitaeleza, maana watu wengi nje ya kazi hii hawajui. Breki za gari dogo hutumia mafuta. Mafuta yakivuja, kanyagio inazama na gari halisimami. Lori ni kinyume. Ndani ya busta ya breki kuna springi nene iliyobanwa, na saa zote springi hiyo inataka kufunga gurudumu. Kinachoizuia ni upepo. Kwa hiyo lori likiishiwa upepo halikimbii ovyo, linagoma. Geji ikishuka chini ya baa 5 hivi kengele inaanza kulia mbele ya dereva. Ikizidi kushuka, springi zinashinda na magurudumu yanafunga hapohapo, hata kama uko katikati ya daraja la Jinja na nyuma yako kuna basi linapiga honi. Aliyefikiria mpango huo alikuwa na akili sana. Alijua binadamu atapuuza kengele, akaamua chuma chenyewe ndicho kikatae.

Springi hiyo inasukuma kwa nguvu ya karibu tani moja. Imefungiwa ndani ya busta kwa mshipi wa chuma, na mshipi huo haufunguliwi. Mzee aliufungua zamani, akiwa kijana na mwenye haraka. Kifuniko kilipita kando ya sikio lake na kuondoka na kidole kimoja na nusu. Alikuwa akisema alilipa bei ya chini, maana kichwa chake kilikuwa pale pale jirani.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kupima fimbo. Ukikanyaga breki, upepo unasukuma fimbo itoke kwenye busta, fimbo inazungusha slaki, ule mkono wa chuma, slaki inazungusha kamu, kamu inapanua viatu vya breki hadi viguse dramu inayozunguka na gurudumu. Fimbo ikitoka zaidi ya inchi 2 hivi, breki hiyo ni ya picha tu. Tulikuwa tunaweka alama ya chaki kwenye fimbo, mmoja anakanyaga, mwingine anapima kwa rula ya shule. Mimi ndiye niliyekuwa na rula. Mzee alisisitiza jambo moja ambalo mpaka leo naliona ndilo linaloua watu: unapima lori likiwa limepoa, lakini ajali inatokea likiwa la moto. Kwenye mteremko mrefu dramu inapata joto, inapanuka, inavikimbia viatu. Fimbo iliyotoka inchi 2 hapa uwanjani inahitaji kutoka zaidi kule mlimani, na haina pa kwenda. Dereva anakanyaga hadi mwisho na hakuna kinachomjibu. Ukimuuliza baadaye, kama yupo wa kuulizwa, atasema breki zilikatika. Hazikukatika. Zilikuwa zimelegea tangu asubuhi.

Sasa, kila busta nzuri inakuja na boliti ndefu iliyofungwa ubavuni. Unaiingiza kwa nyuma, unaizungusha kidogo ishike, unakaza nati kwa spana, inaivuta springi taratibu na kuifunga isifanye kazi. Imewekwa pale ili ubadilishe busta bila kupoteza vidole, au ili lori lililokwama livutwe. Lakini barabara nayo ina matumizi yake. Busta ikitoboka diaframu, yaani mpira wake wa ndani, upepo unavuja, lori haliendi. Ukiivuta springi kwa boliti, ukaikunja hozi ya upepo na kuibana kwa waya, gurudumu hilo linakuwa halina breki kabisa, ila upepo hauvuji tena. Lori linaondoka. Hiyo ndiyo tunaita kuua breki, na hakuna fundi wa njia hii ambaye hajawahi kuua. Akikwambia hajawahi, mwambie akuoneshe waya wake.

Mimi niliua moja mwaka 2014, usiku wa mvua.

Lilikuwa lori la saruji linalokwenda Kigali, trela ya ekseli tatu, busta sita. Moja ilikuwa imetoboka. Dereva alikuwa mtu mzima wa umri wa baba yangu, mpole, mwenye kikohozi.

"Kijana, hii busta unayo?"

"Sina, mzee. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi."

"Saa mbili mimi natakiwa niwe nimepita Iganga."

Akampigia mwenye gari, akanipa simu. Mwenye gari hakuwa mkali. Wakali ni rahisi, unakasirika nao mnamaliza. Huyu aliniita ndugu yangu. Alisema mzigo una tarehe, alisema mimi si mtoto kwenye kazi hii, alisema ni moja tu kati ya sita, Kampala kuna maduka yote, atabadilisha huko. Nililala kwenye tope kama dakika ishirini. Nikavuta springi, nikakunja hozi, nikaibana kwa waya wangu wa shaba ninaoukata kwenye nyaya za umeme za magari mabovu. Huwa nausokota mara tatu kisha naurudisha ndani, mtindo wa mzee aliyenifundisha. Nikalipwa. Dereva akanishukuru, akanipa na biskuti za tanboi wake, yaani msaidizi wake.

Zile busta tano nyingine sikuzitazama.

Wiki tatu baadaye lori lilirudi tupu likielekea Mombasa, likasimama kwangu bila kuitwa. Yule mzee alishuka pole pole. Hakunisalimu. Alisema, "Ingia chini uone." Nikaingia na tochi. Tairi moja ilikuwa mpya kabisa, nyeusi, haifanani na wenzake. Dramu yake ilikuwa na rangi ile ya bluu ambayo chuma hupata kikiungua, na ufa mrefu kama mto kwenye ramani. Nikaikuta kazi yangu mahali pake, waya wa shaba, misokoto mitatu, haujaguswa. Kampala walipita Jumapili usiku.

Nikasogea mbele. Kwenye ekseli ya kwanza hozi ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa waya wa senyenge. Upande wa pili nikakuta nyingine imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umekazwa vizuri, kazi safi kwa kweli. Nilikaa pale chini nikimulika kimoja baada ya kingine. Mikono mitatu tofauti. Breki tatu zimekufa, tatu hai.

Yule mzee alichutama nje akaanza kunionesha kwa kijiti, kama mtu anayeonesha makaburi ya ukoo. "Ile ya tyubu ni ya Mariakani. Ile ya senyenge ni ya Eldoret. Hii ni yako." Akakohoa. "Kila fundi aliniambia ni moja tu."

Ilikuwa baada ya Kabale, kwenye miteremko ya kuelekea Katuna. Moshi ulianza, kisha moto kwenye tairi. Aliliegemeza lori kwenye ukingo wa mlima na likasimama hapo. Tanboi alirusha udongo kwa mikono mpaka moto ukazimika, akaungua kiganja kwa kushika nati. Hakuna aliyekufa. Nilimuuliza kama mwenye gari anajua. Alinitazama kwa muda. "Mwenye gari anajua lori lilifika Kigali."

Sitaki kumfanya yule mzee malaika. Alijua ziko tatu. Lakini analipwa kwa safari, na safari isiyokwisha hailipwi, na yeye ndiye aliyekuwa amekaa juu ya ile trela. Mwenye gari alikuwa kitandani. Sisi mafundi watatu tulikuwa tumelala pia, kila mmoja na moja yake.

Nilifanya hesabu usiku huo nyuma ya gereji. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli tatu za pamoja kubeba tani 24, na lori lote lisizidi tani 56. Lori la saruji halina aibu, linajaza hadi mwisho wa ruhusa. Tani 24 kwa breki sita ni tani 4 kila moja. Kwa breki tatu ni tani 8 kila moja, na zote zikiwa za moto. Kwenye njia yetu kuna mizani Busitema, mizani Magamaga, mizani Lukaya ukishapita Kampala. Madereva wanaziogopa kuliko polisi. Watasukuma mzigo mbele, watarudisha nyuma, watalala foleni. Lakini mizani inapima uzito. Haipimi ni magurudumu mangapi yanaweza kuuzuia. Lori lenye breki tatu zilizokufa linapita juu ya mizani likiwa safi kama mkristo wa Jumapili.

Tangu hapo nahesabu. Kabla sijagusa chochote naingia chini na chaki, naandika namba kwenye kila busta, moja hadi sita, na iliyokufa naizungushia rangi nyekundu. Rangi ile ni mbaya, ya kupaka mageti, haitoki kwa maji. Nilitaka fundi wa mbele aione hata kama hataki. Ikikutwa moja imekufa, kazi yangu ya kwanza ni kuifufua, ndipo tuzungumze iliyokuleta. Wenzangu walinicheka, wakaniita Mwalimu wa Hesabu, na jina limenigandia mpaka upande wa Kenya. Nimepoteza wateja. Kuna kijana ana kibanda hatua chache kutoka kwangu, ana mkono mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, na anaua breki kwa dakika kumi na tano. Simchukii. Ana watoto. Ila namwona akitoka chini ya trela akipangusa mikono na nataka kumuuliza, hukuzitazama zile nyingine? Sijawahi kumuuliza. Naye hajawahi kuniuliza kwa nini rangi yangu ni nyekundu.

Mwaka 2020, wakati wa korona, tulijifunza kwamba lori huharibika hata likisimama. Madereva walikuwa wakipimwa hapa mpakani na foleni ikarudi nyuma ndani ya Kenya makumi ya kilomita. Watu wa mji waliwaogopa madereva kama ukoma. Kuna waliokuwa wakikimbia wakiona mtu anashuka kwenye kichwa cha lori. Malori yalikaa siku nyingi mvuani, viatu vya breki vikashika kutu na kung'ang'ania dramu, betri zikafa. Wengine wakilazimisha kuondoka gurudumu linaburutwa bila kuzunguka, tairi inasagika upande mmoja. Nilifanya kazi nimefunga uso kwa kitambaa, dereva akinielekeza toka mbali kwa mkono. Ndicho kipindi pekee ambacho hakuna aliyeniambia fanya haraka.

Siku hizi kuna vijana wanakuja na kompyuta, wanachomeka waya na gari linawaambia kinachouma. Sina ugomvi nao. Lori za Ulaya zinazoletwa zikiwa zimetumika zina ubongo kila mahali, na nimewahi kupoteza siku mbili nikitafuta kwa masikio tatizo ambalo kijana alilipata kabla chai haijapoa. Lakini trela yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, ina taa ya onyo, na ukiitazama dashibodi ukakuta taa haiwaki hata unapowasha swichi, usifurahi. Mtu ametoa balbu. Ni kuua breki kwa njia nyingine, safi zaidi, bila kulala kwenye tope.

Mimi mwenyewe nina karatasi. Nilikwenda kufanya mtihani wa vitendo wa idara ya mafunzo ya viwanda, DIT, ule wa watu waliojifunzia kazi gerejini badala ya chuoni. Nilitetemeka kama bwana harusi, nikifanya kazi niliyoifanya kila siku kwa miaka, kwa sababu tu mtu alikuwa amesimama pembeni na kalamu. Nilifaulu. Cheti kiko ukutani juu ya mashine ya kuchomelea na kimekuwa cha kahawia kwa moshi. Mzee aliyenifundisha hakukiona, alikuwa ameshatangulia. Sijui angesema nini. Pengine angekitazama halafu aulize kama rula bado ninayo.

Ninayo.

Mwezi uliopita nilisikia fyuuu kabla ya alfajiri. Nikavaa viatu. Lilikuwa lori la unga na mafuta ya kula linalokwenda Juba, trela ya ekseli tatu, na dereva alikuwa kijana mdogo wa ndevu chache. Aliniita mzee. Nilikuwa sijazoea, niligeuka kutazama nani yuko nyuma yangu.

"Mzee, busta moja inavuja. Unaweza kuiua tu nifike Mbale?"

Nikachukua chaki. Nikaingia chini, nikaandika namba. Ya pili ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa waya mweusi wa kufungia nondo. Ya tano ilikuwa na misumari miwili na kipande cha ndala. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikivuja. Nikatoka, nikamwambia.

"Hapana," alisema, "nilipokabidhiwa gari Mombasa niliambiwa ni zima."

Nilimpa tochi.

Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya tairi, akaingia. Niliona mwanga unasogea pole pole kutoka namba hadi namba, unarudi, unasimama, unarudi tena. Simu yake ililia ndani ya koti mara mbili na hakuna aliyeigusa. Yule mama wa chapati alikuwa ameanza kuwasha jiko. Kijana alikaa huko chini muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alipotoka alikuwa na chaki kwenye shavu, akaniuliza duka linafunguliwa saa ngapi.